Vidole Vyangu, Gitaa Lake

Mume wangu alirudi kutoka migodi ya shaba akiwa na gitaa mgongoni na mkono wa kushoto umefungwa vitambaa. Alishukia Tunduma, karibu na kizuizi cha mpakani, wakati wa palizi, na mimi nilikuwa shambani na mama yake. Tulimwona akija kwa njia ya bondeni. Mama mkwe alitupa jembe akamkimbilia huku akipiga vigelegele, lakini alipomkaribia vigelegele vilimkatikia kinywani. Mimi nilifika nyuma yake. Nilimpokea gitaa, maana ndio mzigo aliokuwa nao, nikashangaa lilivyokuwa jepesi. Kitu kikubwa kiasi kile, na uzito wa kikapu kitupu.

Jiwe lilikuwa limemwangukia chini ya ardhi. Vidole viwili vya mwisho havikuwapo tena. Cha kati kilikuwapo, lakini kilikaa kimenyooka kama kijiti, hakikunjiki. Vilivyobaki na uhai wake ni kidole cha shahada na gumba. Waliomwajiri walimpandisha lori wakamwambia aende akapumzike kwao.

Tulikuwa na miaka michache ya ndoa na miezi michache tu ya kuishi pamoja. Mimi ni Mnyiha wa Mbozi, binti wa mwinjilisti aliyekuwa na kahawa kidogo nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa Mnamwanga. Alinioa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale hawakukaa zizini kwetu hata msimu mmoja, kwa kuwa kaka yangu naye alikuwa anaoa. Arusi ilipokwisha mume wangu alivuka mpaka kurudi kazini, mimi nikabaki na mama yake, nikilima, nikitwanga, nikichota maji. Nilimjua mama mkwe kuliko nilivyomjua mume. Alikuwa mjane mfupi, mwenye nguvu, na pombe yake ya ulezi iliwafanya wasafiri wa malori washuke kabla ya kufika walikokuwa wanakwenda.

Sifa za gitaa nilizisikia kabla ya kuliona. Wanaume waliotoka ng'ambo walisema mume wangu anapiga kwenye vilabu vya wachimbaji, na kwamba watu huacha vikombe vyao mezani wakasimama. Basi siku zile za kwanza nilingoja nisikie. Alilitundika ukutani kwenye msumari. Kila alasiri alilishusha, akakaza vigingi, akazipitia nyuzi zote kwa gumba la mkono wa kulia, kuanzia nene kabisa hadi nyembamba kabisa. Sauti ilikuwa ile ile jana na leo, kwa sababu hapakuwa na mkono wa kuzibana shingoni. Nyuzi zikiachwa wazi hivyo zina neno moja tu. Alilisikiliza neno lile kidogo, akalirudisha gitaa ukutani, akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Jioni moja, jua bado lipo, aliniita nikiwa natwanga. Nilimkuta amekaa kwenye kiti ndani ya nyumba yetu, mlango wazi ili mwanga uingie. Akaniambia nikae chini kati ya magoti yake, nimpe mgongo. Akaniwekea gitaa mapajani, akauzungusha mkono wake wa kulia ukanipita ubavuni mpaka ukafika kwenye nyuzi.

"Shika shingo," alisema. "Nipe vidole vyako. Mimi nitakuambia wapi."

Mama mkwe alipita mlangoni kuniuliza unga uko wapi. Akatuona, akageuza uso kama mtu aliyepigwa na moshi, akaondoka. Kwetu mke hakai vile mbele ya mama wa mumewe. Nilitaka kuinuka. Magoti yake yakanibana, si kwa ukali, ila yalinibana, nikakaa.

Nyuzi za gitaa lile zilikuwa sita, zote za chuma. Tatu za juu zilikuwa nene, zimezungushiwa waya mwembamba mwili mzima, ukizipitishia ukucha zinakwaruza. Tatu za chini zilikuwa waya mtupu, na ule wa mwisho ulikuwa mwembamba kama unywele wa mzungu. Shingo ilikuwa imepinda kidogo kwa jua na safari, kwa hiyo nyuzi zilikaa juu, mbali na ubao, na kuzishusha kulitaka nguvu. Siku ya kwanza ncha za vidole zilichimbika mistari. Siku zilizofuata zilichubuka, nikawa nashika mwiko kwa kiganja. Nilipomwonyesha mume wangu alisema ngozi itakuwa ngumu, ya kwake ilikuwa ngumu hivyo hivyo. Akanitazama vidole muda mrefu. Nadhani alikuwa anaviona vyake.

Alinifundisha bila maneno mengi. Goti la kushoto likinigusa, nihamishe vidole. La kulia likinigusa, nirudi pale mwanzo. Nikichelewa, goti linarudia kwa nguvu zaidi. Na siwezi kusema uongo: sauti ilipotoka sawasawa kwa mara ya kwanza, nilitetemeka. Gitaa la mbao lina tumbo. Uzi wenyewe ni waya, hauna cha maana. Lakini ukitikisika unatikisa ubao, ubao unatikisa hewa iliyomo ndani, na sauti inatokea kwenye lile tundu ikiwa kubwa kuliko kilichoizaa. Nami lile tumbo lilikuwa limekaa juu ya tumbo langu. Kila alichokipiga nilikisikia mwilini kabla hakijafika masikioni.

Habari zikaenea. Watu wakaanza kuja, kisha wakaanza kutuita: kwenye arusi, kwenye pombe ya kumaliza mavuno, kwa ndugu zake waliokuwa upande wa pili wa mpaka karibu na kizuizi. Kote huko nilikaa chini kati ya magoti yake na kanga imefunika miguu, nikitazama mchanga. Waliokuja walimsifu yeye. Walisema, tazama mtu huyu, jiwe limemla mkono na bado anapiga. Mimi waliniita mkono wa bwana. Kulikuwa na mzee mmoja aliyemkaribisha mume wangu kiti na kumwambia, "Na huo mkono wako mwingine, uketishe popote."

Nikawa na wakuu wawili. Mama mkwe akiniita kwenye kinu, mume ananiita kwenye gitaa. Niliyemwendea alinyamaza, na niliyemwacha alinikumbusha jioni. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika niliomba niende Mbozi kumsaidia mama yangu, kama ilivyo desturi ya binti aliyeolewa karibu. Mume wangu hakukasirika. Aliuliza tu, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, kwamba nikienda, nani atambania nyuzi? Kahawa ya mama ilichumwa bila mimi, na msimu uliofuata pia.

Kitu kimoja hakukitazamia. Vidole vilivyofundishwa vinajua, hata mwenyewe akiwa hayupo. Alipokuwa analala mchana nilianza kulishusha gitaa na kukaa nalo nyuma ya ghala la mahindi. Nilibana kwa mkono wa kushoto kama siku zote, na kwa gumba la kulia nikadonoa pole pole. Mwanzoni mikono miwili ilikuwa kama majirani waliokosana. Baadaye ikaanza kusikilizana. Niliimba kwa Kinyiha, chini chini, nyimbo za kupukuchua mahindi. Hapo nyuma ya ghala, pembeni yangu hapakuwa na goti la mtu.

Alinikuta. Hakunipiga. Alichukua gitaa, akaufungua uzi ule mwembamba wa mwisho, akaukunja kama pete na kuutia mfukoni mwa shati. Tangu siku hiyo uzi ulitembea naye. Akitaka kupiga anaufunga, akimaliza anaufungua. Angeweza kuufungia sandukuni, lakini aliutaka mwilini. Nyuzi tano zilizobaki bado zilipigika, ila kila wimbo ulipopanda ulifika mahali ukakuta mlango umefungwa. Niliendelea kukaa nyuma ya ghala, siku nyingine bila gitaa.

Ndipo rafiki yake akaja. Walikuwa wamefanya kazi pamoja ng'ambo na kupiga pamoja vilabuni. Mama yake alikuwa Mndali wa Mbebe, naye alikuwa anakwenda kumsalimu. Akashuka Tunduma kupumzika kwetu. Alikuwa amevaa suruali yenye pindo kali, anachanganya Kiswahili na Kibemba, anamwita kila mtu "mukwai", neno lao la heshima, hata mimi shemeji yake. Alibeba sanduku refu jeusi. Baada ya chakula alilifungua mbele yetu.

Ndani kulikuwa na gitaa, lakini si la namna yetu. Lilikuwa bapa kama ubao wa kukatia mboga, limepakwa rangi nyekundu inayong'aa, na halikuwa na tundu. Halikuwa na tumbo. Chini ya nyuzi palikuwa na vipande vyeusi vya sumaku, na pembeni vitufe viwili vya kuzungusha. Nililinyanyua nikadhani limejaa mawe. Mume wangu akapitisha gumba kwenye nyuzi. Sauti iliyotoka ilikuwa kama panya anayekwaruza gunia.

Mama mkwe alicheka. "Hili ni bubu," alisema. "Umelileta kwa mganga?"

Rafiki yake naye akacheka, akatueleza. Gitaa hili halisemi lenyewe. Sumaku inausikia uzi unavyotikisika, inapeleka habari hiyo kwenye waya, waya unaipeleka kwenye mashine yenye umeme, na mashine ndiyo inayosema. Ndiyo maana nyuzi zake lazima ziwe za chuma. Ndiyo maana pia hazihitaji nguvu: ni nyembamba, zimekaa chini kabisa, karibu na ubao. Mtu halazimiki kulitikisa tumbo la mbao. Anagusa tu, umeme unafanya kazi ya misuli.

Niliona mume wangu ameacha kusikiliza. Alikuwa ameweka mkono wa kushoto shingoni mwa lile gitaa jekundu. Kidole cha shahada kikabana uzi mmoja, ukashuka bila ubishi. Akakilaza kile kidole cha kati, kile kilichokaa kama kijiti, juu ya nyuzi mbili za jirani. Zikashuka nazo. Akadonoa. Ilikuwa sauti ya panya, lakini ilikuwa sauti ya panya anayeimba. Tangu aliporudi sikuwa nimemwona akipumua vile.

Wiki ile ile gari la sinema la serikali lilifika Tunduma. Lilikuwa likija mara moja moja kuonyesha picha za kilimo na za kuogesha ng'ombe, na watu walitoka mbali, kwa sababu picha zenyewe zilitembea. Lilikuwa na mtambo wake wa umeme nyuma, na kipaza sauti juu ya paa. Rafiki yake alikwenda mapema alasiri, nasi tukimfuata, fundi wa sinema akiwa bado anafunga shuka jeupe, akamzungumzia sana. Fundi alikataa. Alisema vyombo ni vya serikali. Rafiki akamwonyesha gitaa. Fundi akalishika, akaligeuza, akatazama tundu la waya pembeni, na nikajua kwamba ameshindwa, kwa kuwa mtu wa mitambo akitamani kujua kitu hazuiliki. Plagi haikuingia kwenye mashine yake. Alikata waya kwa meno, akazisokota ncha kwa mikono, akaziingiza moja moja, kisha akauwasha mtambo.

Kwanza palitoka mlio uliowafanya mbuzi wakimbie. Fundi akazungusha kitufe ukapungua. Rafiki yake hakupiga. Alimpa mume wangu.

Nilikuwa nimesimama na wanawake wengine, na nikaona jambo la ajabu mwilini mwangu: miguu yangu ilianza kwenda mbele ikakae mahali pake. Niliizuia. Mume wangu alikaa kwenye ngazi ya gari, peke yake, magoti yake hayakushika mtu. Akapiga. Sauti ilitoka juu ya paa, siyo kwake. Ilikwenda mpaka kwenye kizuizi na kuvuka bila kuulizwa kitu. Ilikuwa sauti ndefu, laini. Kwenye gitaa letu ukidonoa uzi sauti inazaliwa na kufa hapo hapo, lakini hii ilining'inia hewani, akaweza kuikunja kabla haijaisha. Alipiga kwa vidole viwili wimbo tuliokuwa tukiupiga kwa vidole vyangu vinne, akaruka alipokosa kidole, na pale aliporuka palikuwa pazuri. Watu walipiga kelele. Mimi nililia, na mwanamke aliyekuwa kando yangu alidhani ni furaha ya mke. Ilikuwa furaha kweli. Nilikuwa nimefunguliwa. Na papo hapo nikaona kwamba aliyefunguliwa zaidi ni yeye.

Giza likaanza kushika. Fundi alisema basi, picha lazima ianze, akauchomoa waya. Mume wangu alikuwa katikati ya wimbo. Vidole viliendelea kidogo, lakini palikuwa kimya, amekaa na ubao mwekundu mikononi. Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Rafiki yake alikwenda Mbebe, akarudi kwa njia ile ile, na aliporudi mume wangu alikuwa amekwisha kufunga nguo. Alisema ng'ambo kuna klabu yenye umeme na gitaa jingine kama lile. Akishakaa sawa ataniita. Asubuhi ya kuondoka alilishusha gitaa la mbao, akatoa ule uzi mfukoni, akaufunga mahali pake mwenyewe, akaukaza kwa uangalifu mpaka ukakubaliana na wenzake. "Lipige," alisema. Lori likampeleka.

Kwa muda nilipiga kila siku. Nilikuwa na gitaa zima, nyuzi sita, na hakuna wa kunizuia isipokuwa mama mkwe, ambaye alisema gitaa linaita mapepo na wavivu. Halafu akagundua linaita pia wanywaji. Msafiri mmoja aliyekuwa akingoja kizuizi kifunguliwe alisikia nikipiga nyuma ya ghala, akaingia uani, akaomba kikombe, akakaa. Siku ya pili alikuja na wenzake. Mama mkwe hakuwa mjinga. Alinitolea kigoda, akakiweka karibu na mitungi, akaniambia, "Mwanangu, kaa hapa penye kivuli."

Ndivyo nilivyokaa tena. Pombe ilipoiva, na iliiva mara nyingi, nilipiga tangu mchana hadi wanywaji walipotawanyika. Nikichoka, mama mkwe alisema wageni bado. Nikitaka kwenda kisimani, alimtuma mwingine. Wanaume waliniomba nyimbo za ng'ambo na kunitazama kama wanavyotazama kitu kinachouzwa pamoja na pombe. Kutoka kwa mume wangu zilikuja salamu kwa midomo ya madereva: anaendelea vizuri, anapiga, tungoje. Dereva mmoja aliongeza, bila kunitazama, kwamba kuna mwanamke anayeimba naye. Mama mkwe alisikia. Aliniongezea nyama jioni hiyo, na asubuhi akanitolea kigoda kama kawaida.

Nyuzi zilianza kukatika. Chuma kinachoka kwa jasho na kutu. Wa kwanza kukatika ulikuwa ule mwembamba, ukanichapa shavuni. Dukani Tunduma hapakuwa na nyuzi za gitaa, wala Vwawa. Nilichukua waya wa breki ya baiskeli iliyokufa, nikausokotoa, ndani yake mna nyuzi nyembamba nyingi za chuma, nikafunga mmoja. Ulikuwa mkavu na mkali, ulikata ngozi ambayo nilidhani haikatiki tena, lakini uliimba. Mwingine mnene ulipokatika sikupata cha kuziba pengo lake, maana waya uliozungushiwa waya hautengenezwi nyumbani. Baadaye ukafuata mwingine. Nikabaki na nne. Kwa nne nyimbo za mume wangu hazikupigika tena, basi niliziacha. Nililegeza uzi huu, nikaukaza ule, mpaka zote nne zikiachwa wazi zikakubaliana zenyewe, bila kubanwa popote. Hapo kidole kimoja, kikilala juu ya nyuzi zote, kinatosha kuhamisha wimbo mzima. Haikuwa elimu ya mtu. Ilikuwa njaa ya nyuzi.

Siku moja dereva aliyelewa alinishika mkono nikiwa napiga, hakutaka kuuachia, na mama mkwe akatazama pembeni. Asubuhi nililegeza nyuzi zote ili shingo isivutwe bure, nikalitundika gitaa, nikatoka nikiwa na kanga na ndoo kama ninayekwenda kisimani. Ndoo niliiacha njiani. Nilitembea, nikapata lori la magunia, nikashuka Mbozi.

Baba alinipokea vizuri. Tulisali, tukala. Kesho yake aliniita barazani na kuniambia amesikia habari za kilabu cha mama mkwe, na hakunilaumu. Nikamwambia sirudi. Alichezea jalada la kitabu chake cha nyimbo bila kukifungua.

"Ng'ombe wale walikwisha kuoa, binti yangu," alisema mwishowe. "Nikiwadai ili niwarudishe kwa mume wako, nitamtoa nyumbani mke wa kaka yako na watoto wake. Unataka nianze na yupi?"

Wifi yangu alikuwa akifagia uwanja, mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia. Hakuinua kichwa, aliendelea kufagia pale pale palipokuwa safi. Nilimtazama nikajua kwamba sisi wawili tumefungwa kwa kamba moja, na mimi nikivuta, yeye ndiye atakayeanguka. Kaka alinirudisha Tunduma juma lile lile.

Lakini njiani nilikuwa nimefikiri. Nilimwambia mama mkwe, kaka yangu akiwa shahidi, kwamba nitapiga siku nikitaka, na dereva akinishika, nitavunja mtungi ulio karibu nami, uwe umejaa au mtupu. Mama mkwe alitazama mitungi yake. Hakukubali kwa maneno. Ila tangu hapo alikaa karibu nami na mwiko wa kukorogea, na mtu mmoja alionja uzito wake.

Mume wangu alirudi wakati watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru waziwazi. Alikuja bila sanduku. Gitaa la umeme alilolipiga huko halikuwa lake kamwe; lilikuwa la mwenye klabu, ambaye kila baada ya muziki alilifungia kwenye kabati na kuuweka ufunguo mfukoni. Walipokosana alitoka mikono mitupu, na yule mwanamke akabaki na klabu. Hayo alinisimulia baadaye, vipande vipande. Siku ile alikaa tu nyuma ya wanywaji, akanisikiliza nikipiga nyuzi nne. Hakujitambulisha. Mama yake ndiye aliyemwona kwanza.

Watu walipoondoka alikuja, akainama akatazama nyuzi. Aliuliza ule wa mwisho nimeutoa wapi. Nikamwambia, breki ya baiskeli. Alitikisa kichwa. Kisha akakaa kwenye kiti, akaachanisha magoti, akangoja.

"Sikai," nilimwambia. "Vidole vyako viwili vinatosha. Njoo nikuonyeshe."

Alikasirika, kama mtu mzima yeyote angekasirika. Alikwenda akalala bila kula. Lakini kesho yake alikuja nyuma ya ghala, nami nikamfundisha nyuzi zangu, kidole cha shahada kilale hivi, kile kigumu kikae juu yake kukiongezea uzito. Zilikuwa ngumu kuliko zile za umeme na alilalamika. Ngozi yake ilikuwa imelainika. Ilimchukua muda mrefu, na siku nyingi alilitupa gitaa kitandani akatoka. Hatukuombana radhi. Sikumuuliza habari za yule mwanamke, naye hakuniuliza habari za madereva. Tulikuwa watu wawili wenye gitaa moja, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na pengine pa kwenda.

Msimu wa kahawa ulipofika nilimwambia ninakwenda Mbozi. Alikuwa akipiga. Hakuuliza nani atambania. Nilipanda lori mchana kweupe, mama mkwe akanipa kibuyu cha ulezi nimpelekee mama yangu. Nilichuma kahawa mpaka ikaisha, tukaikoboa, tukaianika. Mama hakuuliza kama nitarudi, kwa kuwa sote tulijua. Nilipomaliza nilienda mwenyewe kusimama barabarani kungoja lori la kwenda Tunduma, na lilichelewa sana, nikakaa juu ya gunia nikitazama vumbi.